Mji Uliokula Kuta Zake

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hili lilikuja kwa mlango wa fundi cherehani.

Nilikuwa nimempelekea gauni la binti yangu alipunguze kiuno. Binti ananyonyesha kwa chai tupu, anaisha kama sabuni. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa, akachungulia nje, akaniinamia.

"Shoga, umesikia ya kinyozi?"

"Kinyozi si alihama?"

"Amehama na ukuta wake."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kabomoa banda lake la kunyolea, kautwanga ukuta, kauosha. Kapata dhahabu, mama! Kaondoka na basi la asubuhi hata hajaaga. Wanasema nyumba zote za mstari wa mbele, zile za zamani, kuta zake zina mali."

"Wanasema akina nani?"

"Wanasema tu."

Gauni nililiacha pale. Neno nikaondoka nalo. Nilichota maji nalo, nikafua nalo, nikalala nalo kitanda kimoja kama mume. Nikigeukia ukutani naliona, nikigeukia mlangoni nalisikia.

Nilikuwa na sababu. Nyumba yangu ilikuwa ya mstari wa mbele.

Kwa uliyepitwa na wiki zilizopita, nitakukumbusha kwa ufupi, maana mhariri ameniomba nisilie sana.

Mume wangu alikuwa mwashi. Tulifika hapa mawe yalipoanza kutoa dhahabu, mji ukiwa mahema na moshi. Nusu ya nyumba za mwanzo alizijenga yeye. Kisha akaona kujenga kunamchelewesha, akaweka mwiko chini, akashuka shimoni kule kilimani. Shimo likamfunika. Hatukuzika mtu, tulililia rundo la kifusi.

Akaniachia watoto wawili. Binti, ambaye mumewe alifuata uvumi wa mji mwingine na salamu zake hadi leo zinakuja kwa miguu. Na mwanangu wa kiume, ambaye baba yake alimpa jina la utani la Tajiri siku jiwe la kwanza lilipotoa. Jina limekaa, mali imepita.

Na mji? Mji ulipanda kama maziwa jikoni. Ulipanda kwa kelele na povu, kila mtu anautazama. Tukageuza shingo kidogo tu, umeshamwagika. Dhahabu ilipopungua, walianza kuondoka wenye mashine za kuvuta maji. Mashimo yakajaa maji. Wakafuata wenye maduka, wakang'oa hata milango. Tukabaki sisi ambao nauli yetu ilikuwa imejengwa ikawa nyumba.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa nisikilize.

Uvumi ule ulikuwa na miguu, na miguu yake ni hii. Zamani hatukujua thamani ya marudio. Marudio ni mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa. Tuliuona uchafu. Ulilala kila mahali, laini, wa bure. Mume wangu akauchanganya na udongo, akafyatua matofali. Mstari wote wa mbele ni matofali hayo.

Baadaye wakaja watu wenye dawa kali, wakaonyesha kwamba mchanga ule ule bado una dhahabu. Wakaukomba wote wakaenda nao. Wote, isipokuwa ule uliokuwa umesimama ukitukinga mvua.

Unaona? Hata wewe ungegeuka kitandani.

Haikupita wiki, mtaa ulishaanza kujila. Muuza dawa alianzia chooni. Mwenye gesti akabomoa vyumba vya nyuma mteja wake mmoja akiwa bado ndani anavaa viatu. Karasha, ile mashine ya kusagia mawe iliyokuwa imenyamaza hadi kuku wakatagia juu yake, ikaanza kunguruma. Muuza chai akarudi. Muziki ukarudi. Mgeni angedhani mji unajengwa, kumbe unasagwa.

"Mama Tajiri, wewe unangoja nini?" aliniuliza mwenye karasha. Huyu ni mwanamke mnene, mcheshi, tunamwita Mama Karasha. "Nyumba yako ni gunia limesimama wima."

"Nyumba yangu ni nyumba."

"Haya. Kaa humo, mvua ikija uinywe na dhahabu."

Nilishikilia msimamo. Ningeushikilia hadi leo, kama si Tajiri.

Alirudi nyumbani jioni moja na kamba begani, mpya, ngumu. Akaitupa mlangoni.

"Mama, kesho nashuka kwa baba."

Ndivyo alivyoliita lile shimo la kilimani. Kwa baba. Kama vile mzee yupo huko kakaa kwenye kiti, anamngoja.

"Hushuki."

"Nimeshapata kamba."

"Kamba hiyo nitaanikia nguo."

"Nguo zipi?" akadakia dada yake, mtoto kifuani. Tukacheka wote watatu. Kicheko hicho nakikumbuka kwa sababu ndicho cha mwisho.

"Mama," akasema Tajiri, "mimi si mtoto. Siwezi kukaa hapa natazama watu wanatwanga kuta. Ama nishuke, ama unipe ukuta."

"Ukuta wa nyumba ya baba yako?"

"Wa jikoni tu. Tupige sampuli, tuone. Ukiwa hauna kitu, nakuapia, tunafunga mizigo tunakwenda kwa mama mdogo. Wote. Sitataja tena shimo."

Kwa mama mdogo! Mdogo wangu ana shamba, ana chumba cha ziada, ameniita tangu msiba. Nilikuwa nimembembeleza Tajiri twende hadi ulimi ukaota sugu. Leo analeta mwenyewe.

Nikaweka ukuta upande mmoja na mwana upande wa pili. Mama gani hupima hapo?

"Chukua," nikasema. "Wa jikoni. Basi."

Usiku huo niliomba Mungu. Niliomba ukuta ule uwe mtupu kama mfuko wangu. Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika mji ule aliyepata kuomba akose dhahabu.

Asubuhi Tajiri alikwangua pale kwenye kona karibu na jiko, chini, kwa sababu palikuwa pamelainika na sululu inaingia bila kelele. Alitwanga kwenye kinu changu. Akaosha kwenye karai, anazungusha maji taratibu, anamwaga tope, anazungusha tena. Binti yangu alikuwa ameinama begani kwake. Mimi nilikuwa natazama paa.

"Mama."

Nikahesabu misumari ya bati.

"Mama, njoo."

Ukingoni mwa karai palikuwa na mstari wa njano. Mwembamba, kama ukucha wa mtoto mchanga. Lakini ulikuwapo.

Mama Karasha aliitwa. Akachungulia, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. "Hii si sampuli! Hii ni posa! Nyumba imekuposa, Tajiri!"

Mungu alinisikia, akanijibu kinyume.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Ukuta wa jikoni ulianguka mchana ule. Kesho yake ukafuata wa sebuleni. "Si tulisema wa jikoni tu?" niliuliza. "Mama, huu umeshikana na ule," akasema, "ukitoa mmoja mwingine unaona wivu." Kikafuata chumba changu. Nililisimamia kabati langu uani kama mgonjwa niliyemtoa kwenda kuota jua.

Tuliposhtuka, kilibaki chumba kimoja, cha binti na mjukuu wangu, na mabati tuliyoyasogeza yakaegemea ukuta wake. Upepo ukija, chumba kinakohoa.

Matofali yote yakaenda karasha. Yakasagwa. Yakaoshwa.

Hakuna kitu.

Wakaosha tena. Vumbi. Tope. Maji meusi. Hakuna hata cha kumdanganyia mtoto.

"Karasha imeiba," Tajiri akasema mbele za watu.

"Nani?" Mama Karasha akashika kiuno. "Mimi nimesaga milima, mwanangu, leo nikaibe tope la jiko la mama yako? Kanawe uso."

"Sampuli ilitoa!"

"Ilitoa. Na mimi niliiona. Basi kaiulize."

Jibu nililipata mimi, nikiosha vyombo.

Nilikuwa nimeinama pale palipokuwa jiko langu. Nikamaliza, nikanyanyua karai, nikamwaga maji kwenye kona kama nilivyozoea tangu nihamie nyumba ile. Mkono ulienda wenyewe. Lakini ukuta haukuwapo. Maji yakapita moja kwa moja hadi uani, yakakimbiza kuku.

Nikabaki nimeshika karai tupu.

Kona ile. Mume wangu alipokuwa anachimba, alikuwa akirudi na mchanga wake mzito, tunauosha jikoni ili majirani wasione. Palepale jikoni tulikuwa tukichoma zebaki iliyoinasa dhahabu, dhahabu ibaki. Na maji ya karai nilikuwa nayamwaga wapi? Kwenye kona ile. Kila siku. Ukuta wa tope hunywa maji. Ulikunywa maji yangu, na punje zilizotuponyoka, ukazihifadhi karibu na jiko kama bibi anavyoficha sukari.

Dhahabu ile haikuwa ya tofali. Ilitoka mkononi mwangu. Tuliivunja nyumba nzima kutafuta maji ya vyombo.

Nikamwita Tajiri. Nilikimbia kumwambia, nikidhani namletea dawa. Nikidhani atacheka, au atalia, halafu tutafunga mizigo.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakunitazama mimi. Alitazama kona.

"Kwa hiyo maji yalikuwa yanashuka," akasema.

"Nini?"

"Maji hushuka, mama. Ukutani ilibaki kidogo. Nyingine iko chini."

"Tajiri, uliapa."

"Niliapa kama ukuta hauna kitu. Ukuta ulikuwa nacho." Akachukua sululu. Akanichekea kidogo, kicheko cha baba yake kabisa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nainama tu."

Akapiga sakafu ya jiko langu.

Sululu za mwanzo zililia kama zinavyolia kwenye udongo. Halafu moja ikalia tofauti. Ikalia kama mlango.

Akapiga tena. Sakafu ikazama, ikaondoka na jiwe langu moja la jiko. Tulisikia linaanguka, kisha tukasikia maji. Ubaridi ukapanda ukatupiga usoni, unanuka chuma na popo.

Chini ya jiko langu palikuwa na njia.

Wakati wa neema kila mchimbaji alikuwa akifuata mwamba wake huko chini bila kuuliza nani analala juu. Njia za kilimani zilikuwa zimetambaa hadi chini ya nyumba zetu. Miaka yote nimepika, nimezaa, nimeomboleza juu ya ganda la yai.

Tajiri alikuwa amepiga magoti ukingoni. Akageuka, macho yamewaka.

"Mama," akasema taratibu, "kumbe kwa baba hakuna haja ya kupanda mlima."

Nilitoa ukuta ili asishuke shimoni. Ukuta ukaniletea shimo jikoni.

"Dada, leta kamba."

"Usilete!" nikapiga kelele.

Akaifuata mwenyewe. Akaifunga kiunoni, mwisho wake akaufunga kwenye kisiki cha uani, akamwekea dada yake mkononi. "Nikivuta, mvute. Naangalia tu. Dakika moja."

Nilimrukia. Nilimshika shati kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote alizonibakishia siku nilipomzaa. Akainua mikono juu, kama mtoto anayevuliwa nguo aoge, akateleza chini.

Shati likabaki kwangu.

"Pana ubaridi!" sauti yake ikapanda. Jua lilikuwa kali juu yetu, mchana kweupe. "Pana maji, lakini ya magotini tu!"

"Rudi!"

"Njia ni pana, mama! Watu walikuwa wanatembea humu!"

"Tajiri, mwanangu, nakuomba. Nimekuzaa mimi."

Kamba ikasogea. Ikasogea tena, ikawa inakwenda, inakwenda, hadi ikanyooka kutoka kwenye kisiki, imekaza kama waya.

"Mama!" Sasa sauti ilikuwa mbali. "Mbele huku panang'aa!"

Kamba ikacheza kidogo mikononi mwa binti. Kisha ikalegea.

"Amevuta?" nikauliza.

"Sijui. Haina uzito."

Tukavuta. Ilikuja haraka, nyepesi, kama kamba ya ndoo iliyoachwa kisimani. Ncha yake ikatoka. Ilikuwa imelowa, na si kwa maji ya magotini, ilikuwa imelowa hadi juu. Binti akaigeuza geuza kutafuta palipokatika.

Haikukatika. Fundo lilikuwa limefunguliwa kwa mkono.

"Kamba haikumfikisha," akasema binti, akaketi chini. "Ameivua mwenyewe."

Nikapiga yowe. Wewe unayesoma, kama ni mama, yowe lile unalijua hata kama hujawahi kulipiga.

Watu wakaja. Wa kwanza alikuwa Mama Karasha, anahema, khanga haijakaa vizuri. Akaitazama kamba, akalitazama shimo, akanishika bega.

"Alisema nini mwisho?"

Binti yangu hakuwa na hila. Machozi yanamtiririka, akajibu alichosikia.

"Alisema panang'aa."

Nililiona neno lile likipita usoni mwa Mama Karasha. Likapita kwa muuza dawa nyuma yake. Likapita kwa mwenye gesti. Likatoka uani, likashika njia.

"Ngoja," Mama Karasha akaniambia. "Ngoja hapo hapo, nakuja." Akakimbia. Sikujua mwili ule unaweza kukimbia hivyo. Nikamwambia binti, Mungu ambariki, kaenda kuleta kamba ndefu.

Alirudi na sululu.

Na wengine wakarudi na zao, na makarai, na magunia. Hakuna aliyekuja na kamba. Walienea juu ya nyumba yangu kama siafu, kila mmoja akachagua mahali pake pa kutobolea. Mmoja sebuleni. Mmoja palipokuwa kitanda changu. "Sogea kidogo, mama," kijana mmoja akaniambia, tena kwa heshima.

"Kuna mtu chini!" nikasema. "Mwanangu yuko chini!"

"Ndiyo tunamfuata," akajibu, akapiga.

Ukuta wa mwisho ukatoa ufa, kutoka chini hadi kwenye bati. Binti akapiga kelele, akakumbuka mtoto amelala humo. Akakimbilia ndani. Mlango ukajifunga nyuma yake na haukufunguka tena, fremu ilikuwa imekaa upande.

Nilikuwa katikati. Huku mlango, huku shimo.

Ndipo nikasikia. Chini ya magoti yangu, mbali. Ngo. Ngo. Ngo. Mtu anagonga jiwe kwa jiwe.

Nikalala chini, sikio sakafuni. "Nyamazeni!" nilipiga kelele. "Anagonga! Nyamazeni nisikie ni wapi!"

Hakunyamaza mtu. Sululu zao zinapiga juu, naye anapiga chini, binti anapiga mlango. Ngo, ngo, ngo, kutoka kila upande. Sikuweza tena kujua kugonga kupi ni kwa mwanangu.

Hapo mkono wangu unakataa, mengine wiki ijayo. Lakini kuna mzazi anayesoma leo na uvumi umeshampita mlangoni, na siwezi kumwacha angoje wiki nzima. Epuka haya:

Usimwite mtoto kwa jina la mali. Ataitafuta hadi imwitikie.

Ukiuliza "wanasema akina nani" ukajibiwa "wanasema tu", acha neno palepale. Gauni chukua.

Usioshe mchanga wala kuchoma zebaki mahali unapopikia watoto.

Usipige sampuli mahali pamoja, hasa palipo laini.

Usijenge bila kuuliza nani anapita chini.

Usimpe mwanao kitu kimoja ili aache kingine. Atachukua vyote viwili.

Ukiita watu wakusaidie, sema mtu anakufa. Usiseme panang'aa.

Na akiwa anaondoka mbele ya macho yako, usimshike shati. Mshike mkono.